Kama viumbe wengine wapo, mbona hatujawasikia?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, naishi Eastleigh. Wenzangu wanasema wataalamu wamesaka viumbe wenye akili angani miaka mingi wasipate hata dalili. Basi ama tuko peke yetu na mbingu zote hizi ni za bure, ama wapo na Qur'ani haikuwataja. Niwajibu vipi? Na kama wapo, mtume wao nani?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullah. Umefanya vyema kuuliza, mwanangu. Vijana wengi hulimeza swali hili wakiogopa kuambiwa wamepotoka.

Msako wenyewe bado ni mchanga. Mwaka 1960 mnajimu wa sayansi ya anga Frank Drake alielekeza darubini ya redio ya Green Bank, Marekani, kwenye nyota mbili za karibu, asisikie kitu. Mwaka 1974 ujumbe wa redio ulirushwa kutoka Arecibo, Puerto Rico, kuelekea shada la nyota liitwalo M13. Unakwenda kwa kasi ya nuru, na safari yake ni ya miaka kama 25,000. Hata akiwepo wa kuujibu, jibu lake litahitaji miaka mingine kama hiyo.

Sasa isome tena Suratun-Naml. Nabii Suleiman, amani iwe juu yake, alitiishiwa majini na upepo, akafunzwa usemi wa ndege. Lakini kusini mwa Bara Arabu palikuwa na ufalme wa Sabaa, una malkia, una kiti kikubwa cha enzi, una watu wanaolisujudia jua, naye Suleiman hakuwa na habari nao. Mpaka hudhud aliporudi akamwambia, "Nimegundua usilo gundua wewe" (27:22). Kila nikiifikia aya hii darsani huisoma mara mbili. Mtume na mfalme anapashwa habari na ndege, tena habari za nchi ya dunia hii hii! Wanazuoni wetu wana kanuni: kutolijua jambo si kujua kwamba halipo. Sabaa ilikuwepo siku zote zile ambazo hakuna aliyemletea Suleiman habari zake.

Kwamba Qur'ani imenyamaza, si kweli. Ash-Shura 29 inataja mbingu na ardhi "na aliowaeneza humo" katika daabba, yaani viumbe watembeao. Mfasiri wa Qur'ani Ibn Kathir ameingiza humo malaika na majini pamoja na binadamu na wanyama. Lakini An-Nahl 49 inataja daabba, kisha inawataja malaika mbali nao, kana kwamba daabba wa mbinguni si malaika, ndiyo maana mimi naona mlango uko wazi. Sisemi wapo. Nasema hakuna aya inayokulazimisha kukana.

Na hilo la "bure", wasomee Aal Imran 191: "Mola wetu Mlezi! Hukuviumba hivi bure." Mbingu si ghorofa za Eastleigh, kwamba chumba kisicho na mpangaji ni hasara kwa mwenyewe.

Kuhusu mtume wao, utakutana na kauli iliyonasibishwa kwa sahaba Ibn Abbas kwamba katika kila ardhi kuna nabii kama nabii wenu. Mwanachuoni wa hadithi Al-Bayhaqi alisema sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi, ni sahihi, kisha akasema kauli yenyewe ni shaadh, mpokezi wake hakuungwa mkono na mwingine. Mimi siijengei itikadi, nawe usiwajibu wenzako kwa hiyo.

Wallahu a'lam.