Kumtetea Mwongozaji Bila Kumdharau Shabiki: Kwa Mnaoanza Uhakiki wa Filamu za Mashujaa

Makala yangu ya kwanza kuhusu filamu za mashujaa niliiandika mwaka 2013, siku chache baada ya kutazama Iron Man 3, na ilikuwa makala mbaya. Nilikuwa nimeipenda filamu, nikawasikia watazamaji wenzangu wakitoka ukumbini wakinung'unika, nami nikaketi kuandika kwa hasira kana kwamba nimetukanwa mimi. Aya tatu za mwanzo zilikuwa za kuwaeleza wasomaji kwamba hawakuielewa filamu, na katika aya ya nne nikawaita watoto. Mhariri aliyeipokea aliirudisha ikiwa na swali moja tu pembeni: hao watu wamelalamikia nini hasa? Nilijaribu kulijibu kwa sentensi moja iliyonyooka nikashindwa, kwa maana sikuwa nimewasikiliza. Ninyi mnaoingia sasa katika kazi hii mtakutana na swali hilo mapema, kwa kuwa ni filamu chache ambazo watazamaji wake wanaijua hadithi na kuipenda kabla hawajaiona, kama hizi za Marvel na DC, kampuni mbili za katuni za mashujaa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba ni kuliandika lalamiko kwa namna ambayo aliyelitoa akilisoma atakubali kwamba ndilo alilolisema, na kwa nguvu zile zile alizolisema nazo. Tuichukue filamu hiyo hiyo. Mandarin ni adui wa Tony Stark, yaani Iron Man mwenyewe, katika vitabu vya katuni tangu mwaka 1964, na filamu ya kwanza ya mwaka 2008 ilikwisha kulidokeza kundi la Ten Rings lenye jina la pete zake kumi, hata mashabiki wakangoja miaka mitano. Trela zilimwonyesha Ben Kingsley mwenye ndevu akitoa vitisho kwa sauti nzito, na watu wakakata tiketi kwa ajili yake. Kisha katikati ya filamu wakaambiwa kwamba Mandarin hayupo: yule ni Trevor Slattery, mwigizaji mlevi kutoka Uingereza, aliyelipwa na tajiri aitwaye Aldrich Killian ili akae mbele ya kamera na kusema maneno aliyoandikiwa. Sisi tuliokulia katika vibanda umiza tunalielewa lalamiko hili pasipo kufafanuliwa, kwa sababu humo stelingi hupimwa kwa ukubwa wa adui wake, na ukimnyang'anya adui umemnyang'anya ushindi pia. Shabiki aliyekasirika hakuwa na ujinga wowote. Aliahidiwa pambano, na pambano hilo halikuja.

Ukishalisema hilo kwa haki, ndipo unaweza kuuliza uamuzi wa mwongozaji unafanya kazi gani ndani ya filamu yenyewe. Ninasisitiza ndani ya filamu, kwa sababu waandishi wengi wapya hukimbilia mahojiano ya mwongozaji na kunakili alichokusudia, ilhali nia haionekani kwenye skrini. Kinachoonekana katika Iron Man 3 ni hiki: Stark haponi kutokana na vita vya New York vya filamu iliyotangulia, anashikwa na hofu ya ghafla inayomkata pumzi, halali usingizi, na kila usiku anaunda deraya nyingine mpaka zinafika arobaini na kitu. Hadithi inaanza kwa sauti yake akisema kwamba binadamu hujitengenezea mashetani wake mwenyewe, na mara tunarudishwa kwenye mkesha wa mwaka mpya wa 2000 mjini Bern, ambako Stark anamwahidi Killian kukutana naye juu ya paa na asitokee. Nyumba yake inapobomolewa, anatupwa Tennessee na deraya moja isiyofanya kazi, na inambidi aingie katika ngome ya adui akiwa na silaha alizozitengeneza kwa vifaa vya dukani. Mtu ambaye thamani yake yote ameiweka katika vazi anavuliwa vazi. Na katika ngome hiyo hiyo anamkuta adui ambaye naye ni vazi tupu, ndevu na kanzu na maneno ya kuazima. Mwongozaji Shane Black na Drew Pearce, walioandika muswada, wamewaweka hawa wawili wakitazamana, na swali la kama Stark ni kitu chochote bila chuma chake linapata uzito ambao lisingeupata iwapo Mandarin angekuwa mchawi wa kweli mwenye pete. Huo ndio utetezi. Unasimama juu ya matukio ambayo msomaji anaweza kurudi kuyatazama akakukubali au akakukataa.

Utetezi huo nao una mipaka, na ni lazima uiseme wewe kabla hajaisema mwingine. Killian, anayechukua nafasi iliyoachwa wazi, ni mhusika mwembamba. Na anapotangaza karibu na mwisho kwamba Mandarin halisi ni yeye, filamu inaonekana kutaka kurudisha kwa mkono wa kushoto kile ilichokichukua kwa mkono wa kulia. Ninaamini ingekuwa na nguvu zaidi kama asingelisema neno hilo.

Kuna kosa jingine nililolifanya katika utetezi huo, na nimelirudia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Niliandika kwamba hapakuwa na njia nyingine. Mandarin wa mwaka 1964 alichorwa kwa dharau iliyozoeleka wakati ule dhidi ya Wachina, mtu wa Mashariki mwenye hila na kucha ndefu, na nilidai kwamba mwongozaji mwenye heshima hangeweza kumleta kwenye skrini isipokuwa kwa kumgeuza kuwa kinyago. Mwaka 2021 ikatoka Shang-Chi and the Legend of the Ten Rings, ambamo Tony Leung, mwigizaji mkubwa wa Hong Kong, anamcheza Wenwu, mwenye pete kumi za kweli, baba anayeomboleza mkewe na mtawala wa kutisha kwa pamoja, na ambaye anamcheka yule aliyejaribu kumwiga. Njia ilikuwapo. Dai langu liliporomoka, ingawa sifa nilizoziona katika Iron Man 3 zilibaki palepale. Tangu hapo sijaandika tena kwamba uamuzi fulani ulikuwa wa lazima. Mwongozaji alichagua, na aliyechagua angeweza kuchagua vingine. Kazi yangu ni kueleza uchaguzi huu umezaa nini na umegharimu nini.

Mfano ninaoutumia zaidi ninapozungumza na waandishi chipukizi ni kifo cha Zod, adui wa Superman, katika Man of Steel, filamu ya Zack Snyder ya mwaka huo huo wa 2013, kwa sababu hapo utetezi mzuri na lalamiko zuri vinakaa katika tukio moja. Zod amepoteza watu wake wote; aliumbwa ili ailinde Krypton, sayari walikotoka yeye na Superman, na sasa hana tena cha kulinda. Ndani ya kituo cha treni anawaelekezea moto wa macho yake watu wa familia moja waliobanwa ukutani, huku Superman amemkaba shingo akimsihi aache, naye anakataa. Superman anaivunja shingo hiyo, kisha anapiga magoti na kulia kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kutoka kwake. Anayetetea atasema kwamba huyu ni kijana aliyevaa vazi hilo kwa mara ya kwanza siku chache tu zilizopita, aliyelazimika kumwua mtu wa mwisho wa kabila lake ili kuwaokoa watu wa kabila lililomlea, na kwamba kilio kile kinaonyesha gharama. Ninakubaliana naye. Anayelalamika naye atasema kwamba Superman alibuniwa ili tuwe na mtu mmoja anayepata njia ya tatu pale sisi wengine tunapoona mbili tu, na kwamba mwandishi aliyeijenga hali isiyo na njia ya tatu aliijenga kwa kupenda kwake. Hili pia ni kweli.

Penye nguvu zaidi kwa mlalamikaji, kwa maoni yangu, ni yale yanayofuata kile kilio. Baada ya muda mfupi tu Superman anaiangusha ndege isiyo na rubani iliyokuwa ikimfuatilia, anapiga soga na jenerali, na afisa mmoja anamsifu kwa uzuri wa sura. Filamu haikukaa na maiti. Linganisheni na katuni ya mwaka 1988 iliyoandikwa na John Byrne, ambamo Superman anawaua wahalifu watatu wa Krypton kwa kryptonite, jiwe lililo sumu kwao: visa vilivyofuata vilimwonyesha akiandamwa na kitendo hicho mpaka akaihama Dunia kwa muda. Kwa hiyo mimi ninaitetea ile sekunde ya kuvunja shingo, na siitetei nusu saa ambayo ilipaswa kuja baada yake na haikuja. Mtakuta kwamba mara nyingi utetezi wa kweli una umbo hili, kipande unachokishika na kipande unachokiachia. Na katika filamu hiyo hiyo yupo Jonathan Kent, anayekufa katika kimbunga akimwashiria mwanawe asije kumwokoa. Hilo nimelitazama mara nyingi nikitafuta kazi yake, sijaiona, na sijawahi kuliandikia utetezi.

Huo mfano wa mwaka 1988 unanileta kwenye maarifa ya chanzo. Someni katuni. Sam Raimi alipomfanya Peter Parker atoe utando kutoka katika mikono yake mwenyewe katika Spider-Man ya mwaka 2002, mashabiki walichukizwa kwa sababu tangu mwaka 1962 kijana huyo aliviunda vifaa vya utando kwa akili yake, na akili hiyo ni nusu ya utu wake. Mhakiki asiyejua hilo ataona kelele za bure. Anayejua ataweza kuonyesha kwamba Raimi alibadilisha fahari ya mvumbuzi kwa aibu ya kijana ambaye mwili wake unabadilika bila ruhusa yake, na ataacha msomaji apime. Lakini msiitumie historia kama rungu. Ni kweli kwamba Superman wa mwaka 1938 alikuwa akiruka kwa kujirusha tu, hapai angani, na kwamba Batman wa mwaka 1939 aliua. Ukimwambia shabiki hivyo ili kumnyamazisha, umesahau kwamba Batman anayempenda ni yule aliyeundwa na miaka yote iliyofuata.

Mapato pia yaacheni. Iron Man 3 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.2 duniani, na takwimu hiyo haithibitishi lolote kuhusu Trevor Slattery, kwa kuwa aliyekasirika naye alikwisha kulipa. Na yako malalamiko yasiyostahili subira yote hii: mwaka 2011 walikuwapo waliosusia Thor kwa sababu Idris Elba, mtu mweusi, alipewa nafasi ya Heimdall, mungu wa hadithi za kale za Skandinavia. Hayo hujibiwa kwa sentensi mbili, kisha unaendelea na kazi.

Utetezi ulionichukua muda mrefu kuliko wote ni wa Black Panther: Wakanda Forever. Chadwick Boseman alifariki Agosti 2020, na mwongozaji Ryan Coogler pamoja na studio wakaamua kwamba hakuna mwingine atakayemcheza T'Challa, mfalme wa Wakanda. Mfalme naye angekufa kwa maradhi, na filamu ya mwaka 2022 ingekuwa ya msiba wake. Mashabiki waliopinga walisema Superman na Batman wamebadilishiwa waigizaji kizazi baada ya kizazi, basi kwa nini mfalme wa Kiafrika, aliyekuwapo tangu mwaka 1966, azikwe pamoja na mwigizaji mmoja, na watoto weusi wabaki bila yeye? Sijasoma lalamiko lenye upendo zaidi ya hilo. Mimi nimekumbuka jinsi filamu ya kwanza ilivyozinduliwa Kisumu Februari 2018, nyumbani kwa kina Lupita Nyong'o, na ninajua ni kitu gani walichoogopa kukipoteza.

Nilichokitetea ni jambo ambalo msomaji wa Kiswahili analijua kwa jina: kuanua matanga. Ramonda, mama yake T'Challa, anampeleka binti yake Shuri kando ya maji wachome nguo za msiba, na Shuri anakataa; hasira yake inamsukuma hadi vitani, na hawezi kukubali kwamba kaka yake amekwenda. Mwishoni, kwa Nakia, mpenzi wa T'Challa, huko Haiti, anaketi peke yake ufukweni, anaichoma nguo, na sura ya T'Challa inapita kimya. Filamu nzima ni safari kati ya mioto hiyo miwili, ule uliokataliwa na ule uliokubaliwa, na mfalme mpya mwenye sura nyingine angeifuta. Kisha Nakia anamleta mtoto wa kiume, Toussaint, ambaye jina lake la Wakanda ni T'Challa, kana kwamba filamu yenyewe iliwasikia waliopinga na kuwapa nusu ya walichokiomba. Nusu iliyobaki, ya kwa nini wangoje mpaka mtoto huyo akue, niliiandika katika makala yangu kama walivyoisema wao, na sikuiwekea jibu.