Kwa wewe unayeanza kusimamia kikundi cha waraibu

Wiki zako za kwanza kikundini utataka kurekebisha mambo. Utaona hatupokei mchango wa nje hata senti, hatupigi picha, hatutaji majina ya ukoo, na anayeongoza kikao hana cheo chochote. Utajiuliza kwa nini kazi nzuri kiasi hiki tunaificha. Nami nilijiuliza, ila sikungoja jibu.

Nilikuwa na mwaka wa tatu bila unga, yaani heroini, alipokuja mgombea mmoja na viti 40 vipya vya plastiki na fulana. Vyetu vilikuwa vimevunjika miguu, wengine wakikaa sakafuni. Nikapokea. Alichotaka ni picha moja tu ya pamoja. Kufikia Jumatatu, picha ilikuwa kwenye simu za mtaa mzima. Kijana mmoja mwenye miezi minne safi, ambaye kazini alikuwa ameaga kwamba jioni anakwenda masomoni, hakuonekana tena. Wakafuata wengine. Tukabaki watu 11 kwenye viti 40.

Ndipo nikakaa kusoma historia, na nakuomba uisome kabla hujaharibu kitu. Aprili 1840, mjini Baltimore, Marekani, wanywaji sita wa baa moja walikubaliana kuacha pombe, wakajipa jina la George Washington, rais wa kwanza wa nchi hiyo. Vikao vyao vilifanana sana na vyetu: mtu anasimama, anaeleza alikotoka na alipo leo. Katika miaka michache, mamia ya maelfu ya watu walitia saini ahadi ya kutokunywa. Abraham Lincoln, hajawa rais bado, alihutubia tawi lao la Springfield tarehe 22 Februari 1842. Lakini mlango ulikuwa wazi kwa kila mtu. Wakajaa wasiojua ulevi ni nini, wakaja wenye siasa zao, mabishano ya kupiga marufuku pombe yakaingia vikaoni. Wasemaji walikuwa watu mashuhuri wa majukwaani, na mmoja akirudia kunywa, mji mzima ulijua. Muongo ule haukuisha kabla chama hakijazimika karibu kila mahali.

Nilipofika hapo nilifunika kitabu. Watu kama yule mgombea aliyetuletea viti walishapita Baltimore.

Sasa Akron, Ohio, Mei 1935. Hapa usiharakishe, maana kazi yako yote imo humu. Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York na mmoja wa waasisi wa Alcoholics Anonymous, yaani AA, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, alikuwa na miezi mitano hivi bila pombe. Miezi yote hiyo alikuwa akiwahubiria walevi, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Mkewe Lois ndiye aliyemwonyesha alichokuwa hakioni: wewe mwenyewe hujanywa. Daktari wake, William Silkworth, naye akamwambia aache mahubiri, awaeleze tu walevi kuhusu ugonjwa wenyewe. Akaenda Akron kwa biashara, biashara ikavunjika. Akabaki ukumbini kwenye hoteli ya Mayflower, upande huu baa yenye kelele, upande ule simu na orodha ya makanisa. Akaenda kwenye simu. Hakuwa anatafuta wa kumwokoa. Alikuwa anatafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, asije akanywa yeye. Simu zile zikamfikisha kwa Dokta Bob Smith, mpasuaji na mlevi kama yeye, aliyekubali kumpa dakika 15. Walikaa saa sita.

Kwa hiyo mgeni akija, usijifanye mwalimu wake. Unamhitaji kama anavyokuhitaji, na atalitambua hilo kabla hujafungua mdomo. Kwenye soba, nyumba ya waraibu wanaoacha, tulikuwa na mshauri aliyesomea kazi hii, mtu mwema kabisa, lakini wagonjwa walimkimbilia mpishi, kwa sababu mpishi alishawahi kulala na arosto, yale mateso ya kukosa dawa, sakafuni, anatapika, anatetemeka, anaomba afe.

Jambo jingine la Dokta Bob. Asubuhi ya tarehe 10 Juni 1935 alikuwa na mgonjwa wa kupasua, na mikono inatetemeka. Bill akampa chupa ya bia ili itulie. Ikawa pombe yake ya mwisho, na siku hiyo ndiyo AA wanayoihesabu kuwa ya kuzaliwa kwao. Kisa hiki nawasimulia wale wanaosema kikundini kwamba anayekunywa methadoni, dawa ya hospitali inayotuliza arosto ya unga, bado ni teja. Hospitali ya Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011 na nimeona watu waliorudi kuwa baba na mama kwa ajili yake. Usimfukuze mtu aliyepiga foleni alfajiri kwa ajili ya uhai wake.

Kuhusu pesa, waasisi wa AA nao walizitamani. Walimwendea tajiri John D. Rockefeller Mdogo wakitaka dola 50,000. Mwaka 1938 akawapa 5,000, kwa hofu kwamba fedha zitawaharibia. Baadaye walimshukuru kwa kuwanyima. Zile desturi zao 12, zilizopitishwa Cleveland mwaka 1950, ndizo zinazosema kikundi kijitegemee, kisiunge mkono chama wala mgombea, na kila mmoja abaki bila kutajwa.

Narcotics Anonymous, yaani NA, ilianza California mwaka 1953. Walichukua hatua 12 za AA, zile wanazopitia walevi ili waache, na katika hatua ya kwanza wakabadili neno moja kubwa: palipoandikwa pombe wakaandika uraibu. Usilione dogo neno hilo. Hapa kwetu mtu huacha unga akahamia vidonge au konyagi, akasema ameacha. Neno hilo linamrudisha kitini bila kumvunjia heshima.

Viti tulivirudisha. Siku hizi kuna kapu mlangoni, kila mtu anatia simu yake kabla ya kukaa, mimi wa kwanza. Yule kijana nilimfuata kwao mara mbili kumwomba radhi, hakutoka nje. Ulipita mwaka na kitu. Jioni moja ya mvua akaingia amelowa, amekonda, akasimama akilitazama kapu. Akatoa simu, akaizima, akaitia. Kisha akavuta kiti karibu na mlango, na mtu mmoja akampelekea kahawa.