Kanda za babu yako zipeleke dirishani, si ovenini

Zima oveni. Kama hujaiwasha, usiiwashe.

Nimesoma swali lako mara mbili. Una rili 9, yaani kanda za sauti zilizozungushwa kwenye magurudumu, za marehemu babu yako, zilizorekodiwa Mombasa miaka ya 1960. Umenunua tepu rekoda ya rili, Revox B77 ya mtumba, na unauliza waya wa kuingiza sauti kwenye kompyuta, programu ya kutumia na aina ya faili. Sawa. Lakini mwishoni, kama jambo dogo tu, umeandika kwamba fundi amekwambia "uzipike kwanza", na Jumamosi utaanza na ile yenye harusi ya bibi yako. Hapo nikashindwa kuendelea na kazi zangu, maana hivyo ndivyo nilivyofanya mimi.

Yangu ilikuwa kanda moja tu. Ami yangu alikuwa baharia. Mwaka 1963 alirudi Tanga na tepu rekoda, akamkalisha bibi yetu mbele ya maikrofoni sebuleni, akamwambia aseme lolote. Bibi akaghani utenzi, akataja watoto wa nyumba ile mmoja mmoja, akamkemea mtu aliyekuwa anagonga sufuria jikoni. Haya nayajua kwa kusimuliwa na ami, kwani mimi bibi sikumkuta. Ile ndiyo sauti yake pekee iliyobaki. Rili ndogo ya sentimita 13, futi 600, kama nusu saa kila upande kwa mwendo wa sentimita 9.5 kwa sekunde.

Na kanda ile haikuwa na ugonjwa wowote! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kuna mtu anaweka video za tepu rekoda za zamani, anaongea kwa kujiamini kama mwenye kiwanda. Akasema kila kanda kuukuu lazima ipikwe nyuzi joto 54 kwa saa 8, la sivyo itamwaga unga wake wote wa sumaku kwenye hedi, kile kichwa cha mashine kinachosoma sauti. Nikamuuliza fundi mmoja mjini, akajibu, "Ndiyo, wote wanafanya hivyo." Nikanunua kipimajoto, nikakesha jikoni nachungulia kila nusu saa. Nyuzi 54 hazikupanda wala kushuka. Saa 8 nilizihesabu.

Asubuhi nikaitoa. Kanda ilikuwa imejikunja kwa upana wake, kingo zimeinuka, kama ukindu ulioachwa juani kabla ya kusukwa. Nikaipitisha kwenye mashine. Haikulala tena kwenye hedi, iligusa hapa ikaachia pale, sauti ikatoka kama mtu anayeongea akiwa ndani ya mtungi. Kisha ikakatika. Nikaunga, ikakatika shubiri mbili mbele. Nikaunga tena. Nilipofikia viungo 31 mikono ilikuwa inatetemeka, nikaiacha. Katika saa nzima ya bibi nimebaki na dakika 4. Utenzi unaanza, beti ya tatu inakatikia katikati ya neno.

Ile kanda ilikuwa ya asetati, aina ya plastiki ya zamani, na asetati haipikwi. Joto linaikausha, inasinyaa na kuwa kavu kama biskuti, na hairudi tena. Kupika ni dawa ya ugonjwa mmoja tu, wa kanda za poliesta, plastiki ya aina nyingine, hasa za kuanzia miaka ya 1970 zilizopakwa rangi nyeusi mgongoni, mfano Ampex 456 za studio. Gundi inayoshika unga wa sumaku kwenye kanda hizo hunyonya unyevu wa hewa, ikalainika, kanda ikanata na kupiga kelele kwenye hedi. Ukiipasha joto dogo kwa saa kadhaa, unyevu unatoka, unapata wiki chache za kuicheza na kuinakili. Ampex wenyewe, watengenezaji wa kanda hizo, ndio waliochukua hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya njia hiyo Marekani. Ni njia ya kweli, kwa kanda ya aina hiyo. Yule bwana wa video alijua kipande cha habari akakiuza kama habari nzima. Nilimwandikia kwenye maoni yake, kwa adabu, nikaeleza yaliyonipata. Akafuta. Kwa hiyo bado watu wanaangalia na kwenda kuchoma sauti za wazee wao, na fundi anayesema "wote wanafanya hivyo" hajawahi kuuliza kanda imetengenezwa kwa kitu gani. Dawa ya malaria humpi kila mwenye kichwa kinachouma.

Sasa fanya hivi, na usifanye kingine kabla ya hili. Shika rili kwa kingo zake, usimame dirishani mchana, uiinue ili mwanga upite kwenye kanda yenyewe iliyozungushwa, si kwenye matundu ya plastiki. Ukiona mwanga unapenya, rangi ya chai ya rangi inayong'aa, hiyo ni asetati. Isiguse joto kabisa. Nusa pia: ikitoa harufu ya siki, asetati imeanza kuoza, itenge na zile nyingine na uinakili mapema.

Ukiona giza, huenda ni poliesta, lakini bado usikimbilie jikoni. Kampuni ya BASF na wenzao Ujerumani walitengeneza kanda za plastiki ya PVC kwa miaka mingi, na hizo nazo hazipikwi. Geuza uangalie mgongo wa kanda. Kama ni wa kahawia unaoteleza na kung'aa, hauna ile rangi nyeusi iliyofifia, hakuna sababu ya kupika. Za babu yako, kwa miaka unayoitaja, sitegemei kabisa kukuta hata moja ya kupikwa. Lakini usinichukulie neno langu, zipeleke dirishani zote 9, moja moja.

Asetati ina jambo jema moja: ikikatika, inakatika mkato safi bila kuvutika. Ukiunganisha ncha mbili kwa tepu maalumu ya kuungia, husikii kitu. Usitumie selotepu ya dukani, gundi yake itatoka jasho na kunatisha mizunguko ya jirani. Ndiyo maana nasema kanda ya bibi ingeweza kukatika mara kumi nikaipata nzima. Kilichoiua ni zile saa 8.

Kuhusu hiyo B77, ijaribu kwanza kwa kanda isiyo na thamani. Swichi ya ukubwa wa rili iweke kwenye ndogo, mashine ile inavuta kwa nguvu. Usirudishe kanda kwa kasi, ipitishe kwa mwendo wa kucheza tu. Na kama upande mmoja wa spika unasikia watu wanaongea kinyumenyume, usishtuke: kanda za nyumbani nyingi zilirekodiwa pande mbili, na mashine inasoma zote mbili kwa pamoja. Chagua chaneli moja. Kama babu alirekodi kwa mwendo wa sentimita 4.75 kwa sekunde, B77 ya kawaida haina mwendo huo. Icheze kwa 9.5 halafu uipunguze nusu kwenye kompyuta. Faili, WAV ya biti 24. Waya na programu wengine hapa watakujibu vizuri kuliko mimi.

Ila ile ya harusi usiiguse Jumamosi. Kesho asubuhi jua likishatoka, iinue dirishani, piga picha upande wa mwanga na upande wa mgongo, uziweke hapa. Nitakuwepo kuanzia saa mbili.