Zamu ya dharura: mgonjwa wa benchini apimwe tena

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba umehitimu uuguzi, umepangiwa idara ya dharura ya hospitali ya wilaya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, na unataka kujua muuguzi amlindeje mgonjwa wakati daktari ni mmoja na benchi limejaa. Kazi hiyo nimeifanya Mbeya kwa muda mrefu, na jibu langu ni fupi: pima tena.

Kuwapanga wagonjwa kwa rangi nyekundu (wa haraka kabisa), njano (wa haraka kiasi) na kijani (anayeweza kungoja) utazoea upesi. Tatizo ni kwamba wengi wetu huichukulia rangi iliyotolewa mlangoni kana kwamba ni hukumu, ilhali inaeleza hali ya dakika ile tu. Aliwahi kuletwa kijana wa bodaboda aliyeanguka kwenye mteremko wa Iwambi, usukani ukamgonga ubavuni kushoto. Aliingia akitembea, presha 118/74, mapigo 92, akapewa njano. Mwenzangu alipomrudia baada ya nusu saa, presha ya juu ilikuwa bado 112, lakini mapigo yamefika 126, vidole vimepoa, na kijana aliyekuwa akiilalamikia pikipiki yake amenyamaza. Mwenzangu hakungoja presha ishuke. Alimwita daktari, akafungua njia mbili za mshipa na kutoa damu ya kupima kundi. Bandama ilikuwa imepasuka, damu ikivujia tumboni. Mwili wa kijana hubana mishipa na kuongeza mapigo, kwa hiyo presha inaweza kuonekana ya kawaida mpaka atakapopoteza karibu asilimia 30 ya damu, ambayo kwa mtu mzima ni kama lita moja na nusu.

Kipimo kinachodanganywa kuliko vyote ni upumuaji. Kagua mafaili ya zamu yoyote uone wagonjwa wote walivyoandikiwa pumzi 18 au 20 kwa dakika! Hesabu dakika nzima, ukiwa umemshika mgonjwa kiganja kana kwamba unahesabu mapigo, kwa sababu anayejua kwamba pumzi zake zinahesabiwa huzibadilisha. Mwezi Juni na Julai, kifaa cha kupima oksijeni kidoleni kitakusumbua, kwani aliyetoka Makete alfajiri ana vidole vya barafu. Mpashe kidole joto, futa rangi ya kucha, kisha pima upya. Oksijeni ikibaki asilimia 88, usisingizie baridi, mpe oksijeni.

Mgonjwa aliyechanganyikiwa au kupoteza fahamu apimwe sukari papo hapo, hasa yule anayenuka ulanzi, maana ndiye ambaye kila mtu atasema aachwe alale. Aliyejeruhiwa naye asicheleweshwe kwa sababu ya PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Fomu hiyo hufuata huduma ya kuokoa maisha, haiitangulii. (Ndugu wa mgonjwa wengi bado wanaamini kinyume chake, kwa hiyo waeleze kwa upole.)

Unapomwita daktari, usiseme tu kwamba hali si nzuri. Sema mapigo yamepanda kutoka 92 hadi 126 ndani ya nusu saa, kisha umwombe aje sasa. Daktari mwenye mgonjwa mwingine mikononi huweza kuahirisha wasiwasi wako, lakini ni vigumu kuahirisha tarakimu hizo. Akikuagiza dawa kwa maneno tu bila kuandika, irudie kwa sauti jina, kipimo na njia ya kuitoa kabla hujaivuta kwenye sindano, na kwa mtoto taja pia uzito wake.

Jambo la mwisho ni makabidhiano ya zamu. Kwa kawaida tunakabidhi vitanda, na aliye benchini, kwa kuwa hana kitanda, hasemwi kabisa. Pita benchini pamoja na anayekupokea, mwonyeshe kila aliyeketi pale, umtajie vipimo vyake vya mwisho na saa anayotakiwa kupimwa tena, ndipo utie sahihi.