Baiti tatu zisizoonekana

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natengeneza mfumo wa ada wa shule moja hapa Morogoro kwa PHP. Kwenye kompyuta yangu, mhasibu akishaingia anapelekwa kwenye malipo.php bila shida. Nimeupandisha kwenye seva ya kukodi, sasa anakwama kwenye ukurasa mweupe wenye onyo "Cannot modify header information", na limetajwa faili config.php, mstari wa 1. Mstari huo una <?php tu! Rafiki ananishauri niweke ob_start (amri ya kuzuia kwanza kinachotolewa na PHP kisitoke) mwanzoni, yaishe. Nifanye hivyo?

JIBU: Marahaba. Usifanye hivyo kwanza. Onyo limeshakutajia faili na mstari, mfuate mkosaji hukohuko.

Seva hutanguliza heda (maelezo ya kivinjari kuhusu ukurasa), kisha mstari mtupu, ndipo mwili wa ukurasa. Location, inayokipeleka kivinjari ukurasa mwingine, ni heda, na kuki za setcookie ni heda pia. Herufi ya kwanza ya mwili ikishatoka, hata nafasi tupu, heda zimeshaondoka na hakuna wa kuzirudisha.

Kwa mstari wa 1 ulivyoueleza, nashuku BOM: baiti 3 ambazo kihariri huzipachika mwanzoni mwa faili la UTF-8. Iliwahi kuninyima usingizi. Nilifuta faili zima nikaliandika upya mstari kwa mstari, kumbe kihariri ni kilekile, kila nikihifadhi kinazirudisha. Kuziona baiti hizo, andika kwenye terminali xxd config.php | head -1. Mstari ukianza na efbb bf3c 3f70, umempata: efbb bf ndiyo BOM, 3c 3f ni mwanzo wa <?php. Hifadhi upya kwa UTF-8 isiyo na BOM. Na ukiwa hapo, ondoa ?> ya mwisho kwenye mafaili yenye PHP peke yake, maana nafasi zinazobaki nyuma yake huleta balaa hilihili.

Kwako ilikubali pengine kwa sababu php.ini yako (faili la mipangilio ya PHP) ina output_buffering ya 4096: PHP ilikuwa inazuia baiti 4096 za kwanza kabla ya kuzitoa. Kwenye seva huenda imezimwa. Hiyo ob_start ingekufichia tu kosa lilelile.

Hukuniuliza hili, lakini ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kwenye malipo.php, asiyeingia unamrudishaje? Iwe hivi:

header("Location: ingia.php");
exit;

Wengi huisahau hiyo exit. Heda haisimamishi skripti. PHP inaendelea mpaka chini na kutuma ukurasa wote. Kivinjari kinahama haraka, huoni kitu, ila mwenye curl (programu ya kuomba ukurasa kwa amri, bila kivinjari) anausoma. Na kwa hali yako ya sasa, heda ikigoma PHP inatoa onyo tu na kusonga mbele, kwa hiyo hata kivinjari cha kawaida kitauonyesha.

Jaribu leo, kabla ya kugusa BOM: curl -i na anwani ya malipo.php, bila kuingia. Ukiona majina ya watoto na madeni ya wazazi wao, ushushe mfumo kwenye seva mpaka exit iwe mahali pake.