Fikasi ya chunguni inayopukutisha majani: tazama kwanza dirisha lako linaelekea wapi

Dada uliyeuliza kutoka Njiro, Arusha, nimeyasoma maelezo yako mara mbili kabla ya kuandika. Umesema kwamba fikasi ndogo ya bonsai, yaani mti unaotunzwa ubaki mdogo chunguni, aliyozawadiwa mama yako alipostaafu imekaa sebuleni tangu Aprili, kando ya dirisha la kusini kama kijikaratasi kilichokuja nayo kilivyoelekeza. Kwamba unaimwagilia glasi moja ya maji kila asubuhi. Na kwamba tangu Julai ianze imepukutisha zaidi ya nusu ya majani yake, ndipo ukaitilia kijiko cha urea ili ipate nguvu. Ninakujibu kwa urefu kwa sababu hayo yote, isipokuwa urea, niliyafanya mimi mwenyewe hapa Moshi mwaka 2018, na mti wangu ulifika mahali ukabaki na majani tisa. Upo hadi leo, na asubuhi hii nimeukuta una machipukizi mapya.

Kabla ya lolote, hakikisha kwamba mti ungali hai. Kwa ukucha, kwangua gome kidogo sana kwenye ncha ya kitawi, kisha ushuke taratibu kuelekea shina. Ukikuta rangi ya kijani yenye unyevu chini ya gome, hapo pana uhai, na mara nyingi utaona pia utomvu mweupe, kwa kuwa fikasi ni jamii moja na mkuyu. Usikate tamaa ncha zikiwa kavu na za kahawia. Wangu ulikuwa umekufa matawi matatu mazima, lakini shina lilikuwa kijani kuanzia chini hadi kwenye panda ya kwanza, na hilo lilitosha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ninaamini ndilo kiini cha matatizo yako, nalo ni lile dirisha. Kijikaratasi hicho kiliandikwa kwa ajili ya watu wanaoishi mbali kaskazini mwa ikweta, kama vile Ulaya au Japani, ambako jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko zaidi kidogo ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, kabla kidogo ya katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Baina ya Machi na mwisho wa Septemba jua la mchana huwa kaskazini, yaani upande wa Mlima Meru kwenu na upande wa Kibo kwetu. Kuanzia Oktoba huhamia kusini. Mwezi Julai dirisha la kusini halipati hata mwale mmoja wa jua, na ndio msimu huo huo ambapo Arusha hufunikwa na mawingu hadi karibu saa sita. Kwa hiyo mti wako uliwekwa gizani bila wewe kujua, kwa sababu macho ya binadamu huzoea upesi na kukiona chumba kuwa na mwanga ilhali kwa mmea ni jioni. Jaribu hivi: saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, nyosha kiganja chako juu ya majani. Kivuli kikiwa hafifu kiasi kwamba huwezi kuona mipaka ya vidole, mwanga huo hautoshi.

Mimi niliuhamishia wangu kwenye dirisha linalotazama mlima, na baada ya wiki chache nikautoa kabisa barazani. Fikasi huitwa mti wa ndani kwa sababu katika nchi ambako maji huganda wakati wa baridi ungekufa nje. Arusha na Moshi hatuna baridi ya namna hiyo, hata Julai. Kama nyumba yako ina roshani au kibaraza kilichokingwa na upepo, huko ndiko mahali pake, na sebuleni uwe unaingia siku moja au mbili tu mnapokuwa na wageni. Usiutoe kwa pupa, hata hivyo, kwa sababu majani yaliyoota kivulini huungua. Wiki ya kwanza upate jua la asubuhi hadi saa tatu, wiki ya pili hadi saa nne na nusu, na jua kali la adhuhuri uliepuke mpaka majani mapya yakomae. Ufahamu pia kwamba fikasi hupukutisha majani inapohamishwa, hata ikihamishiwa mahali pazuri zaidi. Ukiona majani kumi yakidondoka baada ya kuihamisha, usiirudishe ilikotoka. Chagua mahali pamoja uiache hapo.

Kuhusu maji, mti uliopoteza nusu ya majani hunywa kidogo sana kuliko ulivyokuwa ukinywa zamani, na wewe umeendelea kuupa glasi ile ile kila siku, tena katika mwezi wa baridi. Mizizi huhitaji hewa, nayo ikikaa ndani ya tope huoza, kisha majani hunyauka na kuonekana kana kwamba yana kiu, ndipo mtu huongeza maji. Acha kumwagilia kwa ratiba. Chukua kijiti cha mishikaki, ukichomeke taratibu karibu kabisa na sakafu ya chungu, ukiache dakika kumi, kisha ukitoe. Kikitoka kimelowa, ngoja. Kikitoka na unyevu kidogo tu, mwagilia, na unapomwagilia fanya kweli, mpaka maji yatiririke kwenye matundu ya chini. Usiache maji yakituama kwenye kisahani.

Hakikisha kwamba chungu chenyewe kina matundu, na utazame vile vijiwe vya mapambo vilivyo juu ya udongo. Miche mingi ya aina hii huuzwa ikiwa vijiwe vyake vimegandishwa kwa gundi visidondoke safarini. Nilipovibandua vya kwangu kwa bisibisi nilikuta udongo wa juu ukiwa mkavu kama vumbi na wa chini ukiwa tope linalonuka, kwa sababu maji yalikuwa yakipenya kwenye nyufa chache za pembeni tu. Viondoe vyote hata kama vinapendeza.

Urea inatakiwa itoke leo. Ina naitrojeni asilimia 46, na mbolea kali namna hiyo ikiizunguka mizizi dhaifu huvuta maji kutoka ndani ya mizizi badala ya kuilisha. Okota punje zinazoonekana, kisha peleka chungu bafuni au uani na kupitisha maji polepole mara nne au tano, ukiacha yachuruzike yote kila mara. Baada ya hapo usimwagilie tena mpaka kijiti kikuruhusu. Usitie mbolea ya aina yoyote, wala kupunguza matawi, wala kufunga waya wa kuyapinda matawi, hadi mti utoe majani mapya na kuyakomaza.

Maji yakigoma kupita, au ukisikia harufu ya uozo, italazimu kubadilisha udongo sasa hivi, ingawa Julai si mwezi mzuri kwa kazi hiyo. Bila dalili hizo, ningesubiri Oktoba joto linaporudi. Mizizi mizima huwa migumu na yenye rangi ya maziwa au kahawia hafifu, ilhali iliyooza huwa myeusi, laini, na ganda lake huchubuka ukiivuta. Kata iliyooza tu kwa mkasi safi. Kuhusu udongo tumebahatika kuliko wengi, kwa kuwa maeneo yetu yana changarawe ya volkano, ile nyekundu, nyepesi, yenye vitundu, ambayo hushika unyevu na bado hupitisha hewa. Mimi huichekecha mara mbili: kwanza natupa vipande vinavyozidi punje ya mahindi, kisha natupa vumbi lote, maana vumbi ndilo huziba nafasi za hewa. Nachanganya sehemu tatu za changarawe na moja ya mboji iliyooza vizuri. Udongo mweusi wa mbugani usiutumie kabisa, kwani ukilowa hushikamana na ukikauka hupasuka pamoja na mizizi.

Pindua pia majani yaliyobaki. Ukiona vigamba vidogo vya kahawia kwenye mishipa, majimaji ya kunata juu ya majani na sisimizi wakipanda shina, hao ni wadudu wa magamba, wale wale ambao wakulima wa kahawa wanawafahamu. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, rudia kila wiki. Kunyunyizia majani maji kwa chupa hakudhuru, lakini manufaa yake huisha baada ya dakika chache. Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu, ni chumvi ya maji ya bomba. Mimi hutumia maji ya mvua ninayokinga kwenye pipa wakati wa masika.

Uliuliza kama ununue mwingine wenye majani kama sindano uchukue nafasi ya huu. Tafadhali usifanye hivyo kwa ajili ya sebuleni. Ule ni ndugu wa mwangati wetu wa milimani, unahitaji jua na upepo, na ukifa hubaki kijani kwa wiki kadhaa, hivyo hutajua uliupoteza lini.

Kwangu chipukizi la kwanza lilitokea wiki ya sita, chini kabisa kwenye shina, mahali ambapo sikutarajia. Kufikia Desemba mti ulikuwa umejaa, ingawa umbo lake lilibadilika na yale matawi matatu hayakurudi. Kwa hiyo mama akija mwezi ujao na kukuta vijiti vitupu, mkwangulie gome kidogo aione ile kijani.