Kabla ya Kununua Lori, Pima Taka

Mwenzangu uliyeajiriwa juzi kuwa afisa wa mazingira katika kaunti ya mashambani, mwezi hautaisha kabla hujaulizwa mpango wa taka uko wapi. Mwakilishi wa wadi atauliza, wachuuzi wa soko watauliza, na mkubwa wako atataka kujua ni malori mangapi. Usijibu upesi. Mimi nilijibu upesi.

Nilitumia hesabu ya kuazima. Sera ya taifa inakadiria kwamba Kenya huzalisha tani 22,000 hivi za taka kwa siku. Hesabu hiyo haikutoka kwenye mizani. Ni nusu kilo kwa kila mtu mara watu milioni 45. Nikaichukua ile nusu kilo, nikaizidisha kwa wakazi wa kaunti nzima, nikaomba malori matatu. Lakini mama wa kijijini maganda ya viazi huwapa mbuzi, majivu huyapeleka shambani, na mtungi wa mafuta ya kupikia ukiisha huchotea maji. Taka zake hazingojei lori. Tulipata lori moja, likafanya kazi miezi michache, kisha likasimama juu ya mawe likisubiri magurudumu. Najuta mpaka leo, kwa sababu pesa zile zilikuwa za watu.

Basi anza kupima. Mizani ya kupimia magunia ya mahindi inatosha. Chagua nyumba kadhaa, hoteli, maduka na soko, gawa magunia, upime siku nane mfululizo. Matokeo ya siku ya kwanza yaache, maana siku hiyo watu hutoa hata zilizokuwa zimerundikana nyuma ya nyumba. Kisha mwaga lundo kwenye turubai, likoroge kwa sepeto, ligawe mafungu manne, uondoe mawili yanayotazamana na kuyachanganya yaliyobaki. Rudia hivyo mpaka kibaki kiasi cha kuchambua kwa mkono: mabaki ya chakula, plastiki, karatasi, chupa, nepi, vitambaa. Vaa glavu na buti, uchambue pamoja na wafanyakazi. Utajifunza mengi kutoka kwao, na wao watakuamini. Pima tena wakati wa mvua, na tena wakati wa maembe.

Utagundua kwamba sehemu kubwa ya taka za kaunti kama yako haiko vijijini, iko sokoni na kwenye vituo vya biashara kando ya barabara. Kwetu soko kubwa lilikuwa Jumamosi, na wazoaji walifanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Majani ya kabichi na mikungu ya ndizi ililala siku mbili, mbwa na mbuzi wakaitawanya, mvua ikaisukuma mtaroni. Tulipohamisha zamu mpaka Jumamosi jioni, soko lilibadilika bila kuongeza hata mfanyakazi mmoja. Mchuuzi anayelipa ushuru kila asubuhi ana haki ya kukuta mahali safi pa kutandika gunia lake.

Kisha kuna uzito. Nchini kote inakadiriwa kwamba asilimia 60 hadi 70 ya taka ni za kuoza, nazo ni nzito na zimejaa maji. Lori la kushindilia, lile linalobana taka ili zienee nyingi, halina faida hapo. Trekta na matela mawili yanafaa zaidi: tela moja linaachwa sokoni lijae huku trekta ikivuta jingine, na fundi wa trekta hakosekani mji wowote wenye wakulima. Vituo vidogo vipe mkokoteni wa punda.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Anzia sokoni, si jaani, kwa sababu mkulima akikuta kigae kimoja cha chupa ndani ya mboji yako, yaani mbolea ya taka hizo zinazooza, hatarudi. Chupa za plastiki zisikupe matumaini makubwa mwanzoni. Ni nyepesi na hujaza gari, na safari ya Nairobi au Mombasa humaliza bei yote usipozishindilia kuwa marobota.

Nepi zipe ukurasa wake. Katika baraza akina mama walituambia wazi kwamba hawachomi nepi ya mtoto, wakiamini mtoto atadhurika. Kwa hiyo huishia chooni au mtoni. Usiwacheke, wala usiwaandikie mpango wa kuchoma. Waulize wangekubali nini. Kwetu walikubali shimo lenye kifuniko.

Kuhusu jaa, utaonyeshwa shimo kuukuu la kuchimba udongo wa barabara, na litapendeza sana mwezi wa Februari. Nakusihi, litazame mvua za Aprili zikinyesha. Letu lilijaa kama bwawa, ng'ombe wakinywa ukingoni. Nenda ukazungumze na majirani wa mahali hapo kabla ya kuomba kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, si baada.

Mwisho ni pesa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Usipokuwamo humo, bajeti ya mwaka unaofuata haitakujua. Na usiahidi kwamba ada ya taka italipia dizeli. Kwa kifungu cha 207 cha katiba, mapato ya kaunti huingia katika hazina moja ya kaunti, na idara yako itangoja mgao kama nyingine. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na wiki za mwanzo mara nyingi hazina kitu. Andika kwenye mpango, kwa majina ya kazi, ni nani atazoa soko wiki hizo, kwa chombo gani, na atalipwa kutoka fungu lipi.